Mashine Zinazofika Zikitembea

Saa tatu na robo asubuhi, Mama Sekunde anaweka sikio juu ya sanduku dogo la karatasi kabla hata hajatafuta kisu cha kulifungulia. Anafumba macho, kisha anamwashiria mwandishi aache kuchezea kalamu.

"Haya, njoo usikilize mwenyewe," anasema. "Usije ukaandika gazetini kwamba mama wa watu amechanganyikiwa."

Ndani ya sanduku kitu kinagonga, taratibu, bila kukosea.

Sanduku hilo limekaa njiani siku thelathini na moja, na gundi yake haijaguswa. Lina mashine moja ya saa ya mkono, yaani ule moyo wa springi na magurudumu unaosukuma mishale. Ni mashine ya kutiwa ufunguo, yaani springi yake hukazwa kwa mkono. Ukiijaza mpaka mwisho inatembea kwa muda wa saa arobaini, halafu inasimama.

"Sasa niambie wewe uliyesoma," anasema fundi huyo wa miaka arobaini na sita. "Nani kaijaza?"

Mwandishi anarudisha sikio kwenye sanduku na kusikiliza tena.

Chumba cha kazi cha Mama Sekunde kina upana wa hatua nne, kati ya duka la viatu na stoo ya mapazia. Jina hilo la utani alipewa na wateja. Akirudisha saa kisha akasikia inachelewa sekunde tano kwa siku, atamfuata mwenye saa mpaka kazini kwake na kumvua mkononi. "Kuna bwana mmoja nilimvua kikaoni, mbele ya bosi wake," anasema, akicheka mpaka lenzi ya kukuzia inamtoka jichoni.

Kicheko hicho hakidumu. Miaka kumi iliyopita, kiwanda kikubwa kilichokuwa kikiwauzia mashine mafundi wa kila mahali kilitangaza kuwa hakitawauzia tena wenye karakana ndogo. Wakati huo yeye na mumewe, aliyemfundisha kazi, walikuwa wakikamilisha saa za mkono kumi na moja kwa siku. Ndani ya mwaka mmoja zikawa tatu.

"Mume wangu akasema, kaa na watoto, mimi naenda kutafuta wa kutuuzia. Akaondoka na begi moja. Ndiyo hiyo, mpaka leo."

Miaka tisa imepita bila simu wala barua. Yeye aliendelea kutafuta wauzaji wengine kwa barua pepe, huku akilea watoto wawili. Muuzaji wa kwanza alimletea mashine zilizokufa baada ya miezi miwili. Wa pili alipokea oda na kutoweka. Wa tatu ndiye huyu wa sasa, ambaye anwani yake ni namba ya sanduku la posta tu. Mashine zake ni nzuri, na zimepandisha idadi hadi saa za mkono saba kwa siku. Ila baadhi hufika zikitembea.

Fundi mwingine angezifunga kwenye saa na kushukuru. Nani anafungua mashine mpya? Mama Sekunde anafungua. Haamini mafuta ya mtu mwingine, kwa hiyo kila mashine anaibomoa hadi skrubu ya mwisho na kuiosha. Mwaka jana, chini ya kikopo kinachohifadhi springi, mahali ambapo jicho la mteja halifiki maisha, alikuta mkwaruzo wa sindano: ndoana ndogo, na tarehe chini yake.

Mafundi saa wana desturi hiyo. Kila mmoja hukwaruza alama yake ndani ya saa aliyoitengeneza, ili siku ikirudi aujue mkono wake. Ndoana ilikuwa alama ya mumewe. Tarehe ilikuwa ya miezi mitatu tu nyuma.

"Nilikaa chini sakafuni," anasema. "Nikajiambia, we mwanamke, tulia."

Katika mashine arobaini zilizofuata, tisa zilikuwa na ndoana, zile zile zilizofika zikitembea. Alimwandikia muuzaji, naye akajibu kwa mstari mmoja kwamba mashine zao hazishikwi na mkono wa mtu hata mara moja.

Mwandishi aliuliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo: kama yu hai, mbona haandiki barua?

"Hilo ndilo linalonitisha. Mtu anayeweza kukwaruza chuma lakini hawezi kuandika barua, yuko mahali gani?"

Leo hii, jibu linahitajika haraka. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, anataka atie saini karatasi ya kuthibitisha kwamba kaka yake amefariki, ili chumba hiki, kilichoandikwa kwa jina la marehemu mtarajiwa, kiuzwe. Ofisi inayopokea karatasi hiyo inafungwa saa tisa alasiri. Saa nne kasoro shemeji huyo anaingia, karatasi mkononi, shati limelowa jasho.

"Shemeji, tumeongea hili mpaka basi," anasema, si kwa ukali. "Mama yangu amechoka kungoja. Hata mimi nimechoka. Tumuache apumzike."

"Nipe dakika kumi tu, shem."

"Mkwaruzo tena? Alama huigwa na yeyote!"

"Ndiyo maana nimeuliza swali."

Miezi miwili iliyopita Mama Sekunde alimrudishia muuzaji mashine moja mbovu yenye ndoana. Chini ya kikopo, pembeni ya ndoana, alikwaruza nukta mbili: watoto wawili ambao mumewe aliwaacha. Basi. Mashine iliyoletwa leo ndiyo mbadala wake.

Anaisimamisha na kuilegeza springi yake. Skrubu zinatoka moja baada ya nyingine. Kikopo kinanyanyuka kwenye koleo. Anainama karibu zaidi.

"Zipo tatu," anasema.

"Tatu nini?" shemeji anauliza. "Watoto wako ni wawili."

Mama Sekunde anavua lenzi. Sauti yake inashuka mpaka mwandishi anasogeza kiti.

"Asubuhi ile anaondoka, nilimwambia mlangoni nina mimba ya miezi miwili. Akasema tusimwambie mtu mpaka arudi. Wiki tatu baadaye ikaharibika. Nilikwenda hospitali peke yangu, nikarudi, nikafungua duka. Mama mkwe hajui. Wewe hukujua. Duniani tulijua watu wawili."

Shemeji anaketi juu ya ndoo bila kuitazama. Anaomba lenzi na kuchungulia kikopo. Karatasi anaikunja mara nne na kuisukuma mfukoni.

"Miaka tisa anahesabu watatu," anasema.

Mpango wa Mama Sekunde ni wa Jumatatu. Kuna mashine nyingine yenye hitilafu, nayo atairudisha. Nafasi chini ya kikopo haizidi ukucha wa kidole kidogo, na habari anayopaswa kuipeleka ni nzito kuliko chumba kizima.

"Nitaweka nukta mbili, na ya tatu nitaipiga mstari. Ataelewa. Atalia, lakini ataelewa. Pembeni nitakwaruza neno 'rudi'."

Anachukua sindano na kuanza kuinoa. Shemeji anakohoa.

"Itabaki nafasi ya alama yangu?"

"Wewe si fundi, shem."

"Najua," anasema. "We iweke tu, ajue na mimi namngoja."