Mkate wa Shangazi

Harufu ya mkate wa kumimina hadi leo hunipandisha hasira. Siku moja nikiwa mtoto, baba alikodi gari kutuzungusha sisi wanawe kisiwa kizima, tukaona mikarafuu vilimani na bahari iking'aa chini yake. Karibu na Wingwi tulimkuta shangazi, dada yake baba wa tumbo moja, katusubiri kando ya njia na mkate wa moto alioufunika kwa kawa.

"Usisimame," baba akamwambia dereva. "Siku hizi hatuli cha watu wanaopigia kura chama kile."

"Baba, si shangazi huyo?" nikapiga kelele.

"Nyamaza!"

Shangazi akatukimbilia akiita majina yetu. Kawa likaanguka, vumbi la gari letu likaufunika mkate wake.

"Tazameni bahari ilivyopendeza, wanangu," baba akasema.

Mimi nilikuwa nimegeukia nyuma.