Gari la Orrin Lilipona Siku Mbaya

Orrin Sudbeck alikuwa fundi wa sauti kwenye studio moja ya katuni pale Burbank, Marekani, na mwaka ule wa Vita vya Pili vya Dunia kila kitu kilikuwa cha mgao: sukari, viatu, matairi, petroli ya kuponi. Katuni iliyokuwa ikitengenezwa ilihusu bwana mmoja na gari lake bovu. Wenzake wote wakamgeukia Orrin wakicheka, maana gari lake lilikuwa likikohoa, likijamba, likizimika kila njia panda. Petroli yake aliitia vidonge vya kufukuzia nondo kwenye kabati la nguo, kama nusu ya mtaa wake, eti itafika mbali.

"Alhamisi saa nne uje nalo tulirekodi," mkubwa wake, Bwana Lathrop, alimwambia. "Nikikosa mlio wa kweli, natafuta mtu mwingine."

Orrin alikuwa na miaka hamsini na minne. Aliogopa, tusifichane.

Alhamisi maikrofoni ikaelekezwa kwenye boneti, Orrin akawasha. Gari likanguruma taratibu kama cherehani mpya. Akalizima, akaliwasha, akalipiga teke. Wapi! Petroli ya wiki nzima ikawa inateketea bila kikohozi hata kimoja.

Akampigia simu nyumbani mkewe, Verna, aliyefanya zamu ya jioni kwenye kiwanda cha ndege.

"Umelifanya nini gari?"

"Nimesafisha plagi, na ile petroli yako inayonuka kabati nimeimwaga, nikatia safi. Nilitaka iwe zawadi. Asante iko wapi?"

"Mke wangu, njoo uliharibu. Nitafukuzwa."

Verna akaja kwa basi, amenuna, spana mkononi. Akalegeza waya mmoja, akazungusha skrubu. "Haya washa, mzee." Gari likakohoa, likapiga chafya, likalia kwa uchungu mpaka Lathrop akafuta machozi.

"Mama, unaweza kulipigisha kwikwi?" akauliza.

Verna akalipigisha kwikwi.

"Jumatatu uanze kazi hapa," Lathrop akasema.

 Orrin akaona nafasi yake ndiyo hiyo inakwenda, na anayeichukua ni mkewe. Verna akauliza mshahara. Alipotajiwa, akapangusa mikono yake kwenye ovaroli.

"Huo mpe Orrin. Mimi kiwandani nalipwa zaidi."

Kisha akaketi kwenye usukani, na kwa kuwa petroli ilikuwa imekwisha, akamwonyesha mumewe mahali pa kusukuma.