Kaburi la Nyirinyiri

Mpaka leo nikikanyaga soko la mifugo la Garissa hakosekani mzee wa kuniita Mwalimu Kaburi, nami huitika, maana nitabisha nini na nusu ya mji ilisimama uani kwangu ikitazama?

Ilikuwa miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo, nami nimetoka chuo kikuu Kampala na kichwa kikubwa kuliko kofia yangu. Msimu uliotangulia Mto Tana ulifurika ukakata barabara, malori hayaji, tukanywa chai bila sukari hadi tukaizoea, nikaapa kwamba safari hii dharura itanikuta nimejiandaa (mimi, ambaye hata mwavuli sikuwa nao). Mke wangu Fatuma alipokwenda Kotile kumwona mama yake, nikanunua nyirinyiri kwa jirani yetu Mama Hawa, yaani ile nyama ya ngamia inayokatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, nikaipanga pamoja na tende, sukari na majani ya chai katika sanduku refu la bati.

Ningeishia hapo. Lakini nikaanza kushuku watu. Njaa ikiingia, nani atasahau nyumba yenye chakula? Basi nikangoja adhuhuri, jua limewalaza wote, nikalizungushia sanduku kitambaa cheupe cha marekani mchanga usiingie, nikaliburura hadi nyuma ya nyumba, nikalifukia, nikasimika jiwe upande mmoja nisisahau mahali, na juu nikatandaza miiba fisi wasifukue. (Mmeshaona nilichokitengeneza. Mimi sikuona.)

Jioni Mama Hawa akasimama uani. "Mwalimu, Fatuma iko wabi?"

Nikajiambia, huyu anachunguza kama nyumba ina mlinzi. Nikamjibu kwa hila: "Amekwenda kupumzika."

"Kubumzika?" Akaitazama ile miiba. "Mbona sisi hatukuambiwa?"

"Si kila jambo la kutangaza, mama."

Kuanzia hapo ikawa ni macho tu. Wazee wanapita polepole, wananong'ona, wananyamaza nikitokeza, nami nikaleta kiti nikakaa kando ya miiba na fimbo mkononi, kwa yakini kwamba wameinusa samli yangu, na kadiri nilivyozidi kulinda ndivyo nao walivyozidi kuja.

Siku ya soko akaingia Abdi, kaka yake Fatuma, aliyekuwa ametoka na ng'ombe upande wa Liboi bila kupitia kwao Kotile. Nyuma yake sheikh, askari wa DC mwenye kilemba chekundu, na umati.

"Shemegi," akasema kwa sauti ndogo, "nani amelala hapa?"

"Hakuna aliyelala. Ni changu, nimekiweka mwenyewe, na hakitoki!"

"Kwa nini ulificha?"

"Mngejua, mngekula!" nikafoka. "Ni nyama tu, tena imekaangwa!"

Sheikh akasema astaghfirullah. Mama Hawa akapiga yowe. Abdi akachomoa kisu, na nilipoona machozi yanamlengalenga, ndipo elimu yangu yote iliponifikia kwa pamoja.

"Fatuma yuko Kotile! Walahi, yu hai!"

Nani aniamini? "Chimba," Abdi akasema.

Nikachimba kwa mikono, kisu nyuma ya shingo. Marekani ilipotokeza wanawake wakaanza kulia. Nikafungua kifuniko, harufu ya samli na hiliki ikapanda. Mama Hawa akainama, akaonja kipande.

"Hii yangu," akasema. "Mimi nimebika."

Abdi akaketi mchangani, akafuta macho kwa ncha ya shuka, kisha akacheka hadi akapaliwa. "Shemegi, masomo imekuharibu." Wakala palepale, sheikh naye, wakamaliza mpaka tende, na askari akaondoka mfuko umevimba sukari.

Wiki chache baadaye mto ukafurika, malori yakakoma, na akiba yangu yote ilikuwa imeshapita matumboni mwa mji. Nimeapa tangu hapo kutofukia kitu, hata mbegu ya tikiti, bila kuwaita majirani washuhudie. Maana katika njaa hiyo, Fatuma amesharudi, ni Mama Hawa aliyekuja asubuhi moja na chombo cha nyirinyiri kwapani, akasimama mlangoni bila salamu wala kuingia.

"Fatuma iko?"

Sikunyoosha mkono kupokea. Nilimwita kwanza mke wangu atoke, aonekane.