Buti za Mlima kwenye Msitu wa Baba

Mimi huandika polepole. Shule niliishia darasa la saba, na hata huko nilikaa nyuma, nikiulizwa swali nikawa natazama dawati. Kijijini kwetu, upande wa Igalula, kila mtu anajua kwamba nikitumwa dukani napita njia ya mashambani, ili nisipite mbele ya baraza la senta ambako wanaume hukaa. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba siku niliposimama mbele ya ukoo nikasema, "Nitakwenda mwenyewe," sikuwa nimezoea kusema chochote.

Ilikuwa baada ya misa ya arobaini ya baba. Baba alikuwa mrina asali. Aliacha mizinga yake msituni, mingine ya magogo, mingine ya magome, imetawanyika juu ya miti, na kila mmoja una alama yake aliyoichonga kwa shoka: mistari miwili iliyokatana na nukta pembeni. Baba mdogo, aliyemfuata baba kuzaliwa, alisema mizinga ataichukua yeye, maana baba hakuacha mtoto wa kiume, na wanawake hawaendi kambini kwa warina asali huko msituni. Aliyasema kwa upole, kama mtu anayetupokea mzigo. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama alikuwa anatazama mikono yake.

"Nitakwenda mwenyewe," nikasema.

"Wapi?" akauliza baba mdogo.

"Kambini."

"Kwa miguu ipi, mwanangu? Hiyo ya kuku?"

Wakacheka, na mimi nikaficha miguu chini ya kanga. Ni kweli ni miembamba. Lakini sikukaa chini.

Mzee wa kambi ndiye aliyemaliza maneno. Huyu ndiye anayeongoza warina asali wa kwetu wakienda msituni, mtu wa hasira fupi, hapendi kikao kirefu. Akasema, "Mizinga ni ya anayeifikia. Azungukie yote ya baba yake, arine, arudi na asali kichwani mwake mwenyewe. Asipokewe mzigo. Akirudia njiani, mizinga ya baba yake mdogo. Basi. Leteni chakula."

Nilijua msitu unafanya nini kwenye miguu. Baba alikuwa akirudi na visiki vya moto wa zamani vimemchoma nyayo, ingawa alivaa katambuga, zile kandambili za tairi. Nilijaribu katambuga zake. Ziliniachia nafasi ya mguu mwingine ndani. Nikauza kuku wangu, nikapanda gari kwenda Tabora mjini, nikaenda moja kwa moja kwenye mitumba ya viatu.

Muuza viatu alikuwa mzee mwenye kofia ya mkono, anapanga viatu kwa jozi huku anasikiliza redio. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nilikuwa nimeshaziona: buti za ngozi rangi ya udongo mkavu, shingo inafika juu kidogo ya kifundo, soli ina meno. Nikazinyanyua nikidhani zitakuwa nzito kama buti za mgambo. Zilikuwa nyepesi, karibu nizirushe.

"Hizo ni za kupandia milima," akasema.

"Kwetu hakuna mlima."

"Basi zitapumzika."

Nikazijaribu palepale, nimeketi juu ya gunia. Zilinizidi kidogo mbele. Akaniambia nivae soksi mbili. Kamba hazikuwepo, akanipa za viatu vya shule, nyeusi, akasema hizo ni zawadi kwa kuwa sikumsumbua kwa maneno.

Nikaanza kuzijaribu nyumbani kabla msimu wa kurina haujafika. Nilikuwa natoka alfajiri, kijiji bado hakijaamka, kwa ajili ya haya zangu. Kwanza nilitembea kando ya reli, juu ya kokoto. Mtu akitembea kwa ndala kwenye kokoto zile, kila hatua inamfikia kwenye meno. Kwa buti sikusikia kitu. Nilirudi nimefurahi, nikavua, nikakuta lengelenge kwenye kisigino cha kulia, limejaa maji. Kesho yake nikafunga kitambaa, nikarudi palepale. Lilipopasuka nikapaka mafuta ya nyonyo, nikarudi tena. Ngozi ya buti na ngozi yangu zilipigana, na niliamua kwamba haitakuwa yangu itakayoshindwa.

Nikajaribu na ndoo ya maji kichwani. Nikajaribu kupanda mti, hapo zikanishinda. Mguu unaopanda mti unataka kulisikia gome, na zile soli hazisikii kitu. Sitazisifia bure. Za kutembelea, ndiyo. Za kupandia, vua.

Baba mdogo alinikuta asubuhi moja natoka relini.

"Mwangaluka, mtalii," akanisalimia kwa Kinyamwezi, huku anazitazama buti. "Umempiga picha twiga?"

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Babu zetu walipita njia hii hii, Tura mpaka pwani, na pembe za tembo mabegani. Kwa miguu mitupu. Wewe, kambini tu hapo, mpaka uvae ng'ombe mzima."

Nilikuwa naweza kuitikia na kupita. Ndivyo nilivyofanya maisha yangu yote.

"Hakuna aliyewauliza babu kama walitaka kwenda miguu mitupu," nikasema.

Akanitazama kama mtu aliyesikia kuku akiongea. Kisha akacheka, akapita zake.

Kilichobaki ni maji. Kuelekea kambini kuna mbuga ambayo, mvua zikiisha, bado inashika unyevu, na umande wa majani asubuhi unalowesha mtu hadi magotini. Kwetu dawa ya kila kitu ni nta. Mpini wa shoka ukikauka, nta. Mlango ukilia, nta. Ngoma, kamba, ufa wa kisigino, nta. Kwa hiyo sikufikiri mara mbili. Nta iliyochemshwa na kuchujwa ilikuwa imekwisha ndani. Kulikuwa na masega makavu ya baba kwenye chungu, yamekamuliwa tu kwa mkono. Nikayayeyusha juu ya makaa, nikapaka buti pande zote, nikaingiza kwa kidole hadi kwenye mishono. Ziling'aa. Nikazimwagia maji, maji yakakimbia. Zilinukia vizuri sana. Mama alisema nyumba inanukia kama baba amerudi.

Msimu ulipofika tukaondoka watatu: mzee wa kambi mbele, baba mdogo kati, mimi nyuma na ndoo yangu tupu. Kabla hatujaingia msituni mzee akasimama, akatukumbusha sheria ya kambi. Watu wote wa kazi hii wanaijua, ila mimi nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza kama mtu inayemhusu. Kambini hakuna kugombana. Hakuna tusi, hakuna kejeli, hakuna kupandisha sauti. Nyuki wanajua nyumba yenye ugomvi, na wanakuwa wakali. Anayeanza ugomvi anarudishwa kijijini siku hiyo hiyo, na haulizwi alikuwa na haki au hakuwa nayo.

"Umesikia?" mzee akaniuliza.

"Nimesikia."

"Na wewe?" akamgeukia baba mdogo.

"Mimi wa leo?" akasema baba mdogo. Lakini tangu hapo hakuniita mtalii tena.

Safari ya kwenda kambini buti zilinibeba vizuri. Miiba ya migunga ilikwama kwenye soli na kubaki hukohuko. Visiki niliviponda. Nilifika nimechoka shingo kuliko miguu. Baba mdogo alikaa kwenye gogo anachokonoa mwiba kwenye kidole gumba kwa ncha ya kisu, na mimi nikatazama pembeni kwa heshima, ingawa nilikuwa nimeuona.

Asubuhi iliyofuata tukaanza kuzungukia mizinga. Jua lilipopanda na miti kuanza kunukia, nyuki mmoja akatua kwenye buti yangu ya kulia. Kisha mwingine. Nikadhani wanapumzika. Tulipotembea kidogo zaidi nikasikia mvumo, nikatazama chini, sikuziona buti. Niliona nyuki tu. Walikuwa wamezifunika kuanzia kwenye kamba hadi kwenye soli, wanalamba.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimekuja kwenye msitu wa nyuki nimevaa asali.

"Simama," akasema mzee wa kambi, sauti ya chini. "Usipige. Ukimponda mmoja, wote watajua." Akainama kidogo, akavuta pumzi kwa pua. "Nta gani hii?"

"Ya masega. Niliyeyusha tu, sikuichemsha na maji kutoa asali."

Mzee akafumba macho. Kama si sheria yake mwenyewe, nadhani msitu mzima ungemsikia.

Baba mdogo akaja karibu. Hakucheka. Aliongea kwa ule upole wa siku ya arobaini. "Mwanangu, rudi kambini taratibu. Si aibu. Mizinga ya baba yako nitakumalizia mimi."

Afadhali angenitukana. Tusi ningelijibu kwa kunyamaza, nimezoea. Lakini upole ule ulikuwa unachukua mizinga kutoka mikononi mwangu, na sheria haikuniruhusu hata kupaza sauti. Nyuki mmoja alikuwa ameingia kwenye soksi, akaniuma kifundoni. Nikauma mdomo.

Upande wa kushoto kulikuwa na mbuga. Njia yetu huwa inaizunguka. Mimi nikageuka, nikaanza kwenda moja kwa moja.

"Huko ni matope," akasema baba mdogo.

"Naona."

Nilitembea polepole sana, kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Nikaingia. Matope meusi yalifika kwenye vidole, kwenye kamba, juu ya kifundo. Nyuki wakaanza kunyanyuka, wachache wachache, wakizunguka magoti yangu kwa hasira. Waliuma, ndiyo. Mikononi, na mmoja chini ya jicho. Nikainama, nikachota matope kwa viganja, nikazipaka buti mpaka harufu ya nta ikafa. Kisha nikavuka mbuga yote, nikatokea ng'ambo, nikakaa kwenye kichuguu kuwasubiri wanaume waliokuwa wanazunguka njia kavu.

Mzee alifika, akanitazama uso uliovimba, akasema, "Mzinga wa kwanza wa baba yako ni ule pale."

Nikavua buti, nikapanda. Nilipofika juu niliikuta alama ya baba, mistari miwili na nukta, nikaipitishia kidole kabla ya kuwasha mwenge wa moshi.

Mizinga mingine ilikuwa karibu, mingine mbali. Matope yalikauka kwenye ngozi yakawa kama udongo wa chungu, na buti laini nilizozizoea kwenye reli zikawa ngumu, zinanikata nyuma ya kisigino palepale pa zamani. Jioni nilikuwa nazilainisha kwa majivu na maji, asubuhi zinakuwa ngumu tena. Buti ya kushoto ikafumuka mbele, soli ikaanza kufunguka kama mdomo wa kambare. Baba mdogo aliiona, akafungua mdomo, akamtazama mzee wa kambi, akaufunga. Mimi nikachuna gome la myombo, nikasokota kamba kama tunazotumia kufungia mizinga, nikaifunga buti kwa mizunguko, nikakaza kwa meno. Mzinga wa mwisho ulikuwa ng'ambo ya kijito, kwenye mti ambao baba alipenda kuusimulia. Nikaufikia. Nikaurina. Nikaijaza ndoo.

Kurudi, ndoo ilinikandamiza mpaka macho yakaona mawingu meusi. Mara moja baba mdogo alinyoosha mkono kuipokea, labda kwa huruma, labda kwa hesabu zake. Nikasogea pembeni. "Asante, baba mdogo," nikasema, nikaendelea.

Tulipokaribia kijiji njia ikagawanyika. Moja inapita mashambani, ile yangu ya siku zote. Nyingine inapita senta. Sura yangu ilikuwa imevimba upande mmoja, kanga imechafuka, na buti moja imefungwa kamba za gome hadi juu. Nikashika ya senta.

Barazani waligeuka wote kunitazama. Kisha mmoja, kijana wa pikipiki, akasema, "Dada, hiyo buti imefungwa bandeji?"

"Ndiyo," nikasema. "Imeumia kazini."

Wakacheka, lakini si kile kicheko cha arobaini. Nikapita katikati yao bila kuharakisha.

Nyumbani mama alinitua ndoo. Akaitazama asali, akatazama uso wangu, akaenda kuleta maji. Mzee wa kambi alisimama nje ya ua, akatamka kwa sauti ya kusikika na majirani: mizinga imefikiwa. Akaenda zake kula.

Baba mdogo alibaki. Sasa tulikuwa tumetoka msituni, na kila mtu angeweza kusema anachotaka. Alizitazama buti pale nilipoziweka mlangoni, zimepasuka, zimejaa udongo, kamba moja ya shule imekatika.

"Msimu ujao hizo hazitakuwepo," akasema.

"Mimi nitakuwepo," nikajibu.

Kisha nikaingia jikoni, nikainjika sufuria, nikatia masega na maji mengi, nikaanza kuchemsha nta.