Talaka Tatu za Bi Mdogo

Mke wangu hakuwahi kuiita sigara kwa jina lake. Aliiita bi mdogo. Nikichelewa kurudi atauliza kama nimepitia kwa bi mdogo. Nikikohoa alfajiri atasema bi mdogo ananibishia hodi. Alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye aliolewa bila kuambiwa ana mke mwenza, na tena mwenza asiyejua zamu: asubuhi yake, mchana wake, baada ya chakula pia zamu yake. Wageni walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikatoka uani kuvuta.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo hayo mawili. Sigara unaiacha, mke unamwacha. Tofauti yake ni silabi moja, na silabi hiyo ilikuja kunitokea puani.

Nilianza kuacha baada ya kifua kunishinda. Nilikuwa napeleka gunia la mahindi mashineni kwa baiskeli, na kwenye mwinuko wa kutoka kwetu kwenda barabara kuu nikalazimika kushuka nikasukuma. Mwinuko huo watoto wa shule huupanda wakiimba. Hospitalini, daktari akaniwekea kipimo mgongoni, akaniambia nivute pumzi. Nikavuta. Akaniambia tena nivute, nikamwambia nimeshavuta. Hakunigombeza. Alisema mapafu bado yana cha kuokoa, ila si kwa mwendo huu. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni, akayasikia yote, na njia nzima ya kurudi hakumtaja bi mdogo hata mara moja. Hapo ndipo nilipoogopa.

Wa kwanza kumwambia kuwa nimeacha alikuwa fundi baiskeli wa pale barabarani. Huyu ni mtani wangu wa kabila, mwenye ruhusa ya kunikashifu hata msibani, na kuvuta kwake ni kama jiko lililotiwa kuni mbichi. Akaliweka chini tairi alilokuwa akiliziba, akauliza kwa uso wa kadhi: talaka ngapi? Nikasema moja yatosha. Akatikisa kichwa. Talaka moja, alisema, ni mlango uliorudishiwa tu. Mtu akimkumbuka mkewe ndani ya eda anamrejea, na wala hapiki hata pilau. Nilidhani ananitania.

Mpunga ulipoanza kukomaa nikaenda bondeni kuamia ndege. Unakaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti chenye miguu mirefu, unavuta kamba zilizofungwa makopo na kupiga makelele. Ndege wanaruka, wanazunguka, wanatua palepale. Kazi yenyewe si nzito ila ina upweke, na mbu wa bondeni hawasubiri jua lizame. Siku moja akapita jamaa akitokea mtoni. Akaomba maji, akakaa, akawasha. Kisha akaninyooshea na mimi bila kuuliza, kama mtu anavyokunyooshea kipande cha muhogo. Nikapokea kwa adabu, nikajiambia ni dawa ya mbu. Alipopita tena nikamwagiza pakiti.

Nilirudi nyumbani nimeoga kwa sabuni ya kufulia na nimetafuna majani ya mpera mpaka ulimi umekauka. Mke wangu akapokea mzigo, akaikung'uta shuka niliyokuwa nikijifunika, akainusa. Akasema kwa sauti ya chini, "Umemrejea." Halikuwa swali.

Jioni akatandika mkeka, akaweka sahani yangu, yake, na sahani ya tatu yenye wali wa nazi na kipande cha samaki. Nikauliza kama kuna mgeni. Akasema mwenzake hajala. Tukala watatu namna hiyo, mmoja haonekani, na tulipomaliza paka wa jirani akafaidi haki ya bi mdogo. Mke wangu hakununa. Angenuna ningejua la kufanya, kwa kuwa nimemzoea akinuna.

Sikulala vizuri. Kulipokucha nikaenda kwa fundi, nikaiweka ile pakiti juu ya meza yake ya kazi mbele ya wateja. Na kwa kuwa nyumbani sigara ilishafanywa mtu, ulimi nao ukaifanya mtu.

"Nimemwacha," nikasema. "Talaka tatu. Nyie wote mashahidi."

Fundi akaichukua pakiti kwa mikono miwili. Akasema mtalaka hana kosa, hastahili kulala nje, atamwoa yeye. Watu wakacheka sana, na mimi nikaenda zangu gengeni nikijiona mwanamume. Sikumwangalia dada aliyekuwa akiuza vitumbua hapo pembeni. Kwao ni Bungu, na nyumba yao inapakana na ya wakwe zangu.

Kabla ya adhuhuri wanawake wa mtaani walikuwa wanaingia uani kwetu mmojammoja, kanga kichwani, kumpa mke wangu pole. Wakamwambia ajikaze, dunia ndivyo ilivyo, mume si ndugu. Naye alijua asubuhi nimetoka kuelekea barabarani na kifua changu kibovu. Akakaa chini, palepale kwenye mchanga, ungo wa mchele ukamwagika. Aliponihadithia baadaye alisema hakuuliza nini kimetokea. Aliuliza tu mwili uko wapi. Ikabidi wamweleze kwamba niko mzima, ni talaka tu. Akasema alhamdulillahi, na wale wanawake wakatazamana.

Alasiri ikasimama pikipiki mlangoni. Alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, kutoka Bungu, na kwapani ana begi kubwa tupu. Shemeji huyu siku zote huanza kunitania akiwa bado hajavua viatu. Siku hiyo alisalimu tu. Nikampa maji, hakuyapokea.

"Shemeji," akasema, "dada yetu tulikupa kwa heshima. Kama umemchoka mrudishe kwa heshima. Siyo unatutangazia kwa fundi baiskeli."

Nikaharakisha kumweleza kwamba niliyemwacha si dada yake, ni bi mdogo. Shemeji akasimama. Akauliza, kumbe kuna na bi mdogo? Kila nilipofungua mdomo nilizidi kuzama, mpaka mke wangu akatoka jikoni, akamshika kaka yake mkono, akamkalisha, akamsimulia habari ya mke mwenza wake tangu mwanzo mpaka sahani ya tatu. Shemeji alicheka mpaka akavua kofia akajifuta nayo machozi. Ndipo akaomba yale maji.

Mke wangu hakucheka naye. Alingoja anywe, amalize.

"Kaka, leo waliponijia na pole nilijua amekufa," akasema. "Talaka yake miye naiweza. Nitarudi kwetu, nitalima. Eda yake siiwezi."

Aliyasema hayo akimtazama kaka yake, wala si mimi, kama mtu anayeshtaki. Eda ya mjane kila mtu kwetu anaijua, ile miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani. Nililia, na shemeji akajifanya anatazama pikipiki yake. Sikujua kama napendwa kiasi hicho. Utani ulikuwa umeificha hofu yake, na mimi nikauzoea utani. Shemeji alipoondoka alikunja lile begi likawa dogo. Akaniambia siku bi mdogo atakapopiga hodi nisimfungulie kabla sijampigia yeye simu, hata kama amelala.

Nilimpigia mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Mara nyingine alinisimulia bei ya korosho tu, mpaka hamu ikapita. Kila Ijumaa baada ya swala alipiga yeye, kuuliza kama mtalaka ameonekana mtaani. Mke wangu alikaanga korosho, akazifunga kwenye karatasi, akazitia kwenye mfuko wa shati, palepale ilipokuwa ikikaa pakiti. Mkono ukienda kwa mazoea unakuta korosho. Nilinenepa. Hata fundi, na ulimi wake ule, alianza kwenda kuvutia nyuma ya kibanda akiniona naja, akisema si adabu kukaa na mkeo mbele ya mume wa zamani. Na sahani ya tatu ikaendelea kuwekwa mkekani kila jioni, tupu sasa, mpaka miezi mitatu ya eda ya bi mdogo ilipokwisha. Jioni hiyo nilikuta sahani mbili. Tulikula.

Juzi fundi akaniita kwa siri. Kifua chake nacho kimeanza kumpigia filimbi, na yeye pia ameacha, talaka tatu kwa mpigo. Kisha akaukunja tena uso wa kadhi. Akanikumbusha kuwa mwanamke wa talaka tatu, akishaolewa na mwingine na kuachika, yule wa kwanza anaruhusiwa kumwoa upya. "Kwa hiyo kisheria," alisema, "bi mdogo akimaliza eda ni halali yako tena, nami kama mtani nimeona nikutahadharishe."

Nilimpelekea mke wangu hiyo fatwa huku nikicheka. Alikuwa anapakua. Akanyoosha mkono rafuni, akaiteremsha sahani ya tatu, akaiweka mkekani.

"Hiyo ya nani?" nikauliza.

"Ya mtani wako. Kamwite aje ale," akasema. "Siku za mwanzo ndizo ngumu, asikae peke yake."

Nikapanda baiskeli. Kwenye mwinuko niligeuka mara moja nikamwona amesimama mlangoni, mwiko mkononi, ananiangalia. Sikushuka. Nilifika juu nahema sana, lakini nikiwa bado nimekaa kwenye tandiko, nikapiga kengele ili asikie.