Vidole Viwili Ndani ya Mshono

Niliacha shule darasa la saba, mwaka tulipomzika mama na kisha baba. Tulibaki wanne, mimi mkubwa, pamoja na cherehani ya mama. Nilijifunza kushona kwa kuwavisha wadogo zangu: gauni moja liliwapitia wote watatu, hata mvulana lilimfikia likiwa shati. Ndiyo maana ndani ya kila mshono mimi huacha kitambaa cha ziada, upana wa vidole viwili. Mwili ukiongezeka, unafumua, unapanua.

Hadi leo nashona hivyo kwenye kibanda changu Busia. Nanunua fagia, zile nguo za mitumba zinazobaki chini ya belo, zimechanika au zina madoa. Nakata vipande vizima na kuviunga kuwa makoti.

Mwaka juzi mwanamke mmoja wa Nairobi, anayewauzia watalii, aliniagizia makoti arobaini. Malipo ya kazi hiyo ndiyo yangemrudisha kitindamimba wetu shuleni Tororo muhula wa mwisho. Alipokuja kuyachukua, akageuza moja ndani nje.

"Fundi, hii minofu yote mshononi ni ya nini? Koti linakuwa zito. Kata, upitishe mashine ya ovaloki ukingoni."

"Litapanuliwaje?"

"Nani apanue? Wateja wangu ni watu wazima, hawakui."

"Hawanenepi?"

Muuza viatu wa kibanda cha pili, mtu wa Tororo, akacheka. "Sister, kata tu! Nguo iko ya mzungu, si ya mtoto yako."

Nikachukua lebo alizoniletea mwanamke yule nizishone shingoni. Ziliandikwa kwamba nguo hii itazaliwa tena.

"Ukikata hapa," nikamwambia, "itazaliwa tena jalalani."

"Kata, au ubaki nayo."

Nikabaki nayo, yote arobaini. Jioni hiyo kitindamimba wetu alifungua sanduku lake la shule, akatoa vitabu, akavipanga upya mezani. Nilitamani aniulize kwa nini sikukata.

Siku ya soko niliyapeleka sokoni Lumino. Mama wa kwanza kufika aligeuza koti, akaingiza vidole mshononi, kisha akamvisha bintiye likamfika magotini. "Simama wima," akamwambia. "Hili ni lako mpaka uolewe."

Makoti hayakuisha siku hiyo wala wiki hiyo. Muhula ulianza bila mdogo wangu. Wiki ya tatu, karo ilipotimia, alirudi shuleni, amechelewa, na sikumwomba mtu yeyote radhi.