Alizeti za Siku ya Pambano

Siku ya pambano kubwa mimi huwa situlii. Mwaka ule bondia wetu alikuwa anapanda ulingoni jioni, huko Dar es Salaam, na mimi na kaka yangu, hapa Mtinko, chai ya asubuhi tu ilitushinda. Mama, ambaye ngumi aliziita upuuzi, alituona tukizunguka uani kama kuku wanaotaka kutaga. Akatukabidhi fimbo mbili.

"Kapigeni alizeti."

Tukavipiga vichwa vikavu, mbegu zikapukutika.

"Akipigwa je?" kaka aliuliza.

"Hapigwi!" nilimfokea, nikashusha fimbo kwa nguvu zaidi. Kila woga ulipotupanda, tuliongeza kasi. Kazi ya siku tatu tuliimaliza kabla jua halijazama, viganja vina malengelenge, tukakimbilia kibanda umiza kuangalia televisheni.

Bondia wetu aliangushwa raundi ya pili, hakuinuka.

Kesho yake mama alituuliza kama kuna marudiano. Nilidhani amekuwa shabiki.

"Yapo," nilijibu kwa ukali, "na safari hii atashinda."

"Basi wayaweke mwezi huu huu," alisema, akiangalia magunia yaliyojaa. "Bado tuna mtama wa kupiga."